Ukienda kusikiliza bendi baa, fika mapema

Rafiki zangu wakisikia Jumamosi tunakwenda dansi, huniambia watakuja saa tano, bendi ikishachangamka. Mimi nakushauri kinyume chake. Fika saa mbili na nusu, wakati fundi mitambo bado anahangaika na nyaya na meza za mbele ziko wazi. Bendi za dansi za Dar es Salaam zina saa moja tamu mwanzoni, na wengi hulipa kiingilio saa hiyo ikiwa imeshapita.

Waimbaji wenye majina hawapandi jukwaani mapema. Wanaotangulia ni wapiga vyombo, wanapasha kwa ala tupu, kisha wanapandishwa vijana wapimwe kwa nyimbo za wakongwe. Watu bado wachache, kwa hiyo kila gitaa linasikika peke yake: ridhimu inakatakata chini, solo ya pili inaijibu, solo yenyewe inapita juu yao bila haraka. Mtazame mpiga solo vidole. Akifika kwenye zile noti za juu karibu na tumbo la gitaa, mpiga besi humwangalia usoni, na kwa jicho tu wanakubaliana wageukie wapi. Saa tano, ukumbi umejaa na kila mtu anapiga kelele kumwita mhudumu, hayo yote yameshamezwa.

Usikae mbele ya spika. Hata ukiwa shabiki wa kufa, utaondoka na masikio yanayovuma na maneno hukuyasikia. Kaa ubavuni, upande wa magitaa, umwone na mpiga tumba.

Maneno nayataja makusudi. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Ya kwanza inakwenda polepole, ndiyo yenye kisa: mume asiyerudi nyumbani, ndugu wanaogombea urithi, rafiki aliyekopa akahama mtaa. Kisha waimbaji wananyamaza, tarumbeta na saksafoni zinaingia, mwendo unapanda, sebene inaanza. Wageni wengi hutumia nusu ya kwanza kupiga picha na kuagiza mishikaki, wanainuka kwenye sebene. Wanacheza vizuri, sikatai, ila wanachezea kesi ambayo hawajui nani ameshitakiwa.

Ukitaka kuomba wimbo, jua kwanza uko kwa nani. Msondo Ngoma na Mlimani Park, yaani Sikinde, ni watani wa jadi, na majina yote mawili yametoka kwenye ngoma za Pwani. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kabla ya kubaki na jina la sasa. Mlimani ilizaliwa mwaka 1978, na waliokwenda kuijenga ni pamoja na Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bichuka, waliokuwa wakiimba upande wa pili. Baadaye Gurumo akarudi Msondo. Ndiyo maana sauti unayoikumbuka redioni huenda ilirekodiwa kwa watani. Ukiomba wimbo huo kwa kupayuka kutoka mezani, mashabiki watakuzomea. Mwambie mhudumu, au msubiri mwanamuziki akishuka mapumziko, umsalimie kwanza.

Kuhusu kutunza, yaani kumpa mwanamuziki pesa akiwa jukwaani: vunja noti kubwa mlangoni au kaunta mara tu unapofika, maana usiku ukikolea chenji hupotea kimiujiza. Noti za elfu moja na elfu mbili zinatosha. Unapanda taratibu, unambandika mwimbaji kwenye paji la uso au unamtia mkononi, unashuka. Mpiga gitaa naye mtunze, maana wengi humruka. Mwambie mwimbaji jina lako sikioni, la sivyo utatajwa kama "mzee wa shati la kijani", na meza yako haitakuachia hilo hadi mwakani. Usisimame jukwaani kujirekodi na simu. Waliolipa kiingilio nyuma yako nao wanataka kuona.

Nyama choma, simama mwenyewe kwenye mzani kabla haijapanda jikoni na ulizia bei ya kilo. Bajaji ya kurudia, elewana na dereva mapema.

Tena, kama nyumbani yupo baba mdogo au mjomba aliyekuwa kijana miaka ya sabini, mchukue. Mwache yeye achague meza, mnunulie soda au anachokunywa, kisha muulize swali moja tu: nani alikuwa mkali kati ya Msondo na Sikinde? Atakupa hama-hama yote ya wanamuziki, nani alichukua nani na nani alilia, na wa meza ya jirani atageuza kiti kumpinga.