Tochi ya kulehemu: angalia uzito wa chuma kabla ya ukali wa moto

Mwanagenzi akitaka kununua tochi yake ya kwanza, yaani kile kifaa cha gesi kinachotoa moto wa kulehemia, swali lake huwa moja: ipi ina moto mkali? Mimi humrudishia jingine: unalehemu nini? Zile nyuzi joto zilizoandikwa kwenye pakiti hazikusaidii sana. Lehemu, yaani waya unaoyeyushwa kuunganisha vyuma, ya bati na shaba inayotumika kwenye mabomba ya maji huanza kuyeyuka kwenye 227°C, na ile ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye 183°C. Hata mshumaa una moto unaopita hapo kwa mbali. Lakini weka mshumaa chini ya sufuria kubwa ya maji, uone kama yatachemka. Moto ni mkali wa kutosha, ila joto unalotoa kwa dakika ni dogo kuliko linalopotea. Bomba la shaba nalo hulinyonya joto na kulisafirisha haraka mno. Kwa hiyo tochi huchaguliwa kwa uzito wa chuma utakachokipasha.

Tochi ndogo za mkononi, zile za kujazwa gesi ya butani, zinafaa kwa nyaya nene, vito, na vibomba vyembamba. Ukiipeleka kwenye koki ya shaba ya njano yenye mwili mnene, utasimama hapo mpaka flaksi, ile dawa inayopakwa ili lehemu ishike chuma, iungue kabla lehemu haijayeyuka. Wengi hudhani lehemu ndiyo mbovu. Kwa mabomba ya kawaida ya nyumbani, ya milimita 15 na 22, tochi ya propani yenye mtungi wake inatosha kabisa, na ndiyo ningekushauri uanze nayo. Mitungi ya njano ya MAP-Pro, gesi nyingine ya tochi, hupasha haraka zaidi, na kwa anayejifunza hiyo ndiyo kasoro yake: muda wa kusahihisha kosa unakuwa mfupi. Kwa saketi za elektroniki usishike tochi kabisa, tumia pasi ya kulehemu.

Ukivuka 450°C umetoka kwenye kulehemu kwa bati na kuingia kwenye kulehemu kwa fimbo ngumu. Fimbo za shaba na fosforasi, ambazo mafundi wa friji wanazijua vizuri, huanza kuyeyuka kwenye karibu 645°C zikiwa na fedha ndani yake, na karibu 710°C zisipokuwa nayo. Hapo tochi inayovuta hewa ya kawaida huweza vibomba vyembamba. Bomba likiwa nene utahitaji oksijeni.

Ukiwa dukani, ishike tochi na uigeuze kichwa chini. Uliza kama ina kidhibiti cha presha. Isiyo nacho, ukiinamisha kufikia bomba lililo chini ya sinki, gesi ikiwa bado majimaji hufika kwenye mdomo, na moto unaruka mrefu wa njano mbele ya uso wako. Angalia pia kitako, maana tochi inayoanguka ikiwekwa mezani haifai hata ikiuzwa bei ya kutupwa. Na kama unafanya kazi kwenye baridi kali, achana na butani: huchemka kwenye karibu 0°C, na chini ya hapo haina presha ya kutoka mtungini. Propani huendelea kutoa gesi mpaka karibu -42°C.

Sasa kazi yenyewe. Sugua ncha ya bomba na ndani ya soketi, kile kipande bomba linamoingia, kwa msasa mpaka zing'ae, paka flaksi kidogo, unganisha. Ukiwasha tochi utaona koni ndogo ya bluu iliyokolea ndani ya moto. Sehemu yenye joto kuliko zote iko mbele kidogo ya ncha ya koni hiyo, basi usiibandike koni yenyewe kwenye chuma. Anza na bomba kwa muda mfupi, kisha hamia kwenye soketi, kwa kuwa ndiyo nene. Usisimame sehemu moja. Flaksi itatoa mapovu, halafu itatulia na kuwa angavu kama mafuta. Hapo ondoa moto, gusisha waya wa lehemu upande ulio kinyume na ule uliokuwa unapasha. Ukiyeyuka kwa kuguswa na chuma tu, kiungio kiko tayari: lehemu itavutwa ndani ya ule mwanya mwembamba na kuacha pete inayong'aa kuzunguka bomba. Bomba la nusu inchi hula waya wa takriban nusu inchi. Zaidi ya hapo matone yanaingia ndani ya bomba.

Ukiyeyusha waya kwa moto wa tochi badala ya joto la chuma, lehemu itakaa juu ya kiungio bila kushika. Kwa macho kinaonekana kizuri, mpaka maji yafunguliwe. Flaksi ikigeuka nyeusi, simama. Acha kipoe, tenganisha, safisha, anza upya. Kuongeza waya hakuokoi kitu.

Kuna siku utapasha bomba dakika nyingi na lehemu ikakataa kabisa. Kabla hujalaumu tochi, kagua kama kuna maji ndani. Maji yakiwepo, joto lako lote linaishia kuyachemsha, na chuma hakipandi juu sana ya 100°C. Na kama ncha zote mbili zimefungwa, mvuke unajikusanya na unaweza kurusha kiungio au maji ya moto. Fungua koki ya maji iliyo karibu kwanza, kila mara.

Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani karibu mara mbili. Zikivuja hushuka na kulala sakafuni, kwenye mashimo na mitaro, kwa hiyo pua yako inaweza isipate harufu huku miguu yako imesimama ndani ya gesi. Badilisha mitungi nje, pima viungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti ya kiberiti. Tochi ndogo ijazwe ikiwa imezimwa na kupoa, kisha ngoja dakika chache kabla ya kuwasha. Tumia kiwashio cha cheche. Kiberiti cha gesi kinakulazimisha kusogeza vidole mdomoni mwa tochi.

Tochi ya gesi ya asetilini na oksijeni usijifunze peke yako. Kwa sasa jua haya: mtungi wa asetilini husimama wima, presha yake kwenye mpira wa gesi haizidi takriban bar 1, haipitishwi kwenye bomba la shaba, na mafuta au grisi havigusi kamwe viungio vya oksijeni. Ukipima friji kwa presha, tumia naitrojeni. Oksijeni ikikutana na oili ya kompresa ndani ya mfumo inaweza kulipuka. Na gesi ya friji itolewe yote kabla ya moto: aina ya R600a inawaka, na ya R22 ikipita kwenye moto hutoa gesi za sumu.

Moto wa nyumba mara nyingi hauanzi wakati unalehemu. Bomba linapeleka joto ndani ya ukuta, kwenye mbao au vumbi usiloliona, navyo vinafuka polepole ukiwa umeshaondoka. Weka bati au kitambaa kisichoshika moto nyuma ya kiungio, kizimamoto kiwe karibu, na baada ya kuzima baki pale nusu saa mpaka saa nzima ukigusa ukuta kwa kiganja. Mimi kazi ya tochi huipanga asubuhi, na mchana nikabaki na kazi nyingine za palepale.