Mvua imenyesha, mfumuko umeshuka: mbona kilo ya nyama haishuki?

SWALI: Assalam aleikum. Nina kibanda cha pilau hapa Likoni, karibu na kivuko, na kila siku nachukua kilo sita za nyama ya ng'ombe. Tangu ule ukame bei ni kupanda tu. Redioni nasikia mfumuko wa bei umeshuka, na huko mifugo inakotoka mvua imenyesha, majani tele. Nikimuuliza mwenye bucha hunijibu, "Mama, ng'ombe hawapo." Nieleze kwa hesabu ninayoweza kuifuata: ni kweli, au ananilangua? – Mama Pilau, Likoni

JIBU: Waalaikum salaam, Mama. Kama anakulangua tutalipima hapo chini, na kipimo nitakuachia mwenyewe. Lakini aliposema ng'ombe hawapo hakukudanganya, na hiyo mvua unayoitaja imo katika sababu.

Kwanza hilo la redio. Nambari inayotangazwa kila mwezi na KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ni kasi ya bei, si bei yenyewe. Hulinganishwa mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Tuseme kilo ilikuwa shilingi 500 ikafika 600: hapo imepanda kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata ikatoka 600 ikafika 618: asilimia 3. Mtangazaji atasema mfumuko umeshuka kutoka 20 hadi 3, naye atakuwa amesema kweli, na wewe utalipa 618. Ndivyo ilivyokwenda hapa nchini: mfumuko ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022, na Oktoba 2024 ukawa 2.7. Bei kwa jumla hazikurudi nyuma, zilipunguza mwendo. Tena hiyo ni wastani wa kapu zima. Chakula na vinywaji visivyo na kileo ni karibu theluthi ya kapu, na humo nyama inabanana na unga, sukari, maziwa na sukuma wiki. Unga ukishuka vizuri, nyama inaweza kupanda na wastani usikuonyeshe chochote.

Sasa tuje kwa ng'ombe wenyewe.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya maana katika maeneo ya wafugaji. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Mfugaji anayeona malisho yamekwisha hangoji ng'ombe afe mikononi mwake, humpeleka mnadani akiwa bado anasimama. Kwa hiyo ukame unapokuwa mkali bei ya ng'ombe aliye hai huanguka, maana kila mtu anauza. Pengine utauliza mbona wewe hukuuonja huo urahisi. Ng'ombe aliyekonda ana ngozi, mifupa na tumbo, nyama kidogo. Anayemnunua kwa bei ya kutupa anapata kilo chache za kuuza, na gharama ya lori ni ile ile.

Halafu mvua inakuja, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mfugaji aliyebaki na ng'ombe wanane kati ya arobaini hauzi tena. Mitamba anaiweka izae, na dume anamwacha anenepe, kwa kuwa majani ni ya bure. Sokoni wanakuja wachache kuliko wakati wa ukame wenyewe. Sasa hesabu miezi: jike aliyedhoofika anahitaji msimu wa malisho kabla ya kushika mimba, mimba ni miezi tisa na siku chache, na ndama wa zebu (ng'ombe wetu wa nundu) anayelishwa malishoni huchukua miaka mitatu hadi minne kuwa wa kuchinjwa. Ndama wa mvua za 2023 na 2024 hawawezi kufika kwenye ndoano ya bucha kabla ya 2027 au 2028. Hakuna waziri anayeweza kuuharakisha uzazi wa ng'ombe. Na mvua za El Niño za mwisho wa 2023 nazo zilipita kiasi: Tana River na Garissa mafuriko yalisomba mifugo na kukata barabara.

Tupige hesabu niliyokuahidi. Nambari ni za mfano, weka za kwako. Ng'ombe wa kilo 300 amenunuliwa mnadani kwa shilingi 70,000. Lori, ushuru wa kaunti, kichinjio na dalali, weka 5,000. Kichwa, matumbo, makongoro na ngozi vikauzwa 6,000. Imebaki 69,000 ya kulipwa na nyama peke yake.

Kilo ngapi? Ng'ombe wetu wa zebu hutoa karibu nusu ya uzito wake, yaani 150. Lakini amesimama kwenye lori kutwa kucha bila maji, na safari ndefu humla ng'ombe mwili. Chukua 140. Akining'inizwa usiku kucha maji hukauka, wabaki kilo 137. Gawa 69,000 kwa 137 upate kama 504. Hiyo ndiyo bei ya mwenye bucha kabla ya kodi, stima, mshahara wa kijana wa kukata, na wale wanaochukua nusu kilo kwa daftari wakapotea. Akiuza 600 ana kama shilingi 96 kwa kilo ya kugharimia yote hayo. Kumbuka pia mifupa ni kama kilo 27 kati ya zile 137, ndiyo maana steki ina bei yake na nyama ya mifupa ina yake.

Kipimo chako ndicho hiki. Ng'ombe akipanda kwa asilimia 10, yaani 7,000, gawa kwa 137: ni shilingi 51 kwa kilo. Mwenye bucha akikuongeza 50, amekupitishia mzigo tu. Akikuongeza 100 kwa sababu hiyo hiyo, hapo ana neno la kujibu. Bei ya mnada si siri, muulize mtu yeyote anayekwenda Mariakani.

Jambo moja dogo limesahaulika sana: ngozi. Zamani ngozi peke yake iliweza kulipa gharama za kuchinja na ikabaki chenji. Soko la ngozi lilipodorora, pengo lile likahamia kwenye nyama, na hakuna aliyelitangaza.

Mafuta ya magari sitayakawiza. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16, na ng'ombe hawatembei hadi Mombasa kwa miguu.

Madalali je? Kila ninapozungumzia nyama naambiwa, "sema madalali". Wana madhambi yao, na mfugaji anayajua zaidi yangu. Lakini walikuwepo hata kilo ilipokuwa nafuu, kwa hivyo hawawezi peke yao kuwa sababu ya kupanda.

Kisha kuna kalenda yetu wenyewe wa Pwani. Kusi likivuma, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, bahari inachafuka, samaki wanapungua, na aliyezoea changu anahamia bucha. Mbuzi ana mambo yake: hubeba mimba miezi mitano tu, kwa hivyo hurudi haraka kuliko ng'ombe, lakini nyama yake husafirishwa Uarabuni, na Idd kubwa ikikaribia kila mtu anataka mbuzi aliyetimiza mwaka na asiye na kasoro. Mbuzi wa aina hiyo hawajai uwanja. Kuku wa gredi humaliza ukuaji kwa wiki tano au sita, basi yeye hafuati mvua ya miaka mitatu nyuma bali bei ya chakula chake, mahindi na soya.

Kwa biashara yako ningefanya haya. Usingojee bei irudi ya 2019. Ungana na wenzako wawili watatu wa hapo kivukoni mchukue paja zima au ubavu mzima kwa oda ya siku zijulikanazo, mlipe taslimu. Mwenye bucha asiyekaa na nyama wala daftari hupunguza, na usikubali apunguze kwa kukuongezea mifupa. Kuhusu sahani: kilo moja ikikutolea sahani nane, nyongeza ya shilingi 50 ni kama shilingi sita kwa sahani. Ukiongeza ishirini, wateja wako nao wataniandikia.