Treni imechelewa, bili zimefika: nani anakudai?

SWALI: Niliagiza vigae kutoka China, kontena moja la futi 20, na hati ya shehena imeandikwa mzigo upokelewe bandari kavu ya Nairobi. Kontena lilishuka Mombasa likakaa siku tisa likingoja treni. Sasa liko Embakasi, kwenye hiyo bandari kavu, na nimeletewa bili ya storeji na nyingine ya demereji. Wakala wangu wa forodha anasema nisilipe, ana mtu ndani atakayezifuta zote. Ningoje?
Mfanyabiashara, Thika

JIBU: Usingoje hata kesho, ndugu yangu. Hili la "mtu ndani" limewafilisi wengi, na mzizi wake ni kudhani kwamba anayekudai ni mmoja. Ni wawili. Storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo, ni ya mwenye yadi, na Embakasi yadi ni ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA). Demereji, yaani ada ya kukaa na kontena kupita siku zisizotozwa, ni ya kampuni ya meli, kwa sababu kontena ni mali yake nawe bado umelishikilia. KPA haiwezi kukusamehe demereji hata senti moja, wala kampuni ya meli haina usemi juu ya storeji. Huyo mtu ni wa ndani ya ofisi ipi? Hata akifanikiwa upande mmoja, upande wa pili siku zinahesabiwa, tena viwango hupanda kadiri mzigo unavyokaa.

Siku zako tisa zina hoja, ila hoja hiyo huandikwa. Kwa kuwa hati inasema Nairobi, safari ya treni kwa kawaida iko mikononi mwa kampuni ya meli. Iulize kwa barua: siku za bure, zile zisizotozwa ada, zilianza kuhesabiwa kontena liliposhuka Mombasa au lilipofika Embakasi? Ambatanisha tarehe ya kushuka melini, ya kupakiwa kwenye behewa na ya kufika. Wakala anayejua kazi yake hashindwi kuzipata. Wakati huohuo toa mzigo. Ikibidi ulipe kwanza, lipa ukiandika kwamba unapinga hesabu. Kisha rudisha kontena tupu haraka pale kampuni ilipoelekeza, maana gharama zake hazikomi kwenye geti la Embakasi.

Tangu mwaka 2022 waagizaji waliporudishiwa uhuru wa kuchagua kati ya reli na barabara, naona watu wakilinganisha nauli tu. Nauli ya treni pekee haikuambii kitu. Uliza lori la kutoka Embakasi hadi ghalani ni bei gani, na kontena tupu litarudishwa wapi. Nyaraka za forodha ziwasilishwe Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kabla meli haijatia nanga. Inaruhusiwa, na wanaosubiri hadi treni ifike ndio wanaoanza kutafuta mtu ndani.

Nawasihi nyote: ombeni leseni ya wakala muisome. Hutolewa na KRA na muda wake huisha 31 Desemba kila mwaka. Anayekwambia usilipe wala usiandike barua anacheza na mali isiyo yake. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inatoa siku 21 tangu meli ianze kushusha mizigo ili nyaraka ziwasilishwe. Zikipita, forodha inaweza kuuhamishia mzigo kwenye ghala lake, kisha, baada ya notisi, kuupiga mnada.