Bega kwanza, lebo baadaye: majibu ya maswali yenu ya suti

Meseji zimejaa na nyingi ni zile zile. Naomba kitu kimoja kabla sijaanza: ukiuliza suti sema una hela kiasi gani na unaivalia wapi. "Kaka suti nzuri bei gani" siwezi kuijibu, ni kama kumuuliza mtu nyumba nzuri bei gani.

Nina laki na nusu tu, naanza kazi ofisini hapa Moshi mwezi ujao. Ninunue mpya dukani au nizame mtumba?

Zama mtumba mdogo wangu, tena uanze wiki hii. Kwa hela hiyo suti mpya utakayopewa mara nyingi ni poliesta inayong'aa, kifua kimebandikwa kwa gundi ndani, ukifua mara mbili tatu kinaanza kutoa malengelenge na hakuna pasi itakayoyaondoa. Hela hiyo hiyo ukienda nayo soko la mtumba la Memorial au Kiborloni asubuhi, balo linafunguliwa ukiwa umesimama pale, unapata koti la sufu ambalo litakuzika na bado liko zima.

Ila mtumba una kanuni zake na vijana hawataki kuzifuata, mtu anaona kimeandikwa Hugo Boss analipa anakimbia, kufika nyumbani koti linaning'inia kama liko kwenye hanga. Lebo iko ndani hakuna anayeiona, bega linaonekana tangu uko mlangoni. Mshono wa mkono uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia, basi. Kiuno kikubwa fundi atapunguza, mikono mirefu atakata, suruali atapinda pindo, lakini bega akiligusa inabidi afumue mkono mzima, atoe sponji, akate upya, na mafundi wanaoiweza hiyo kazi ni wa kuhesabu. Mimi niliwahi kumpa fundi mmoja koti la kijivu, sufu tupu, nikamwambia apunguze bega, likarudi mkono wa kushoto umejisokota kwa nyuma na halikuvalika tena. Mpaka leo linaniuma.

Bega likikaa ndo uanze ukaguzi. Geuza koti ndani nje uangalie bitana kwapani, jasho linaanza kula hapo. Suruali inyanyue juu dhidi ya mwanga uangalie katikati ya mapaja, ukiona jua linapenya rudisha hata kama muuzaji anakuapia. Afu bana kitambaa cha mbele chini ya tundu la kifungo, vidole viwili nje na viwili ndani, vuta taratibu uachanishe. Ukisikia kuna tabaka la tatu linaelea katikati, hilo koti lina kanvasi, kile kitambaa cha ndani kinachoshika shepu ya kifua bila gundi, limeshonwa na mtu anayejua, usiliachie. Ukisikia mbili tu na ya nje imekakamaa, hiyo ni gundi.

Hela yako igawe hivi: elfu themanini suti, arobaini ya fundi, thelathini shati jeupe. Rangi chukua blu iliyokoza au kijivu cha mkaa. Na ile arobaini ya fundi usiile, wengi wanaiongezea kwenye suti alafu wanaivaa ilivyotoka kwenye balo.

Suti ya blu na kiatu cha brauni inakubali?

Inakubali, brauni iliyokoza, mkanda ufanane na kiatu.

Soksi nyeupe?

Hapana.

Nimenunua suti mpya, ile lebo ya kwenye mkono niiache watu wajue ni orijino?

Toa leo hii! Hili swali nimelijibu sijui mara ngapi na bado linakuja kila mwezi. Hiyo lebo ni ya dukani, ya kumwonesha mnunuzi kitambaa ni cha nani, ukishalipa kazi yake imeisha. Na ukiwa na mkasi mkononi kata pia ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, ule uliwekwa kiwandani koti lisipoteze shepu kwenye safari. Desemba nilikuwa kwenye kipaimara Marangu, mbele yangu amekaa mzee wa heshima kabisa, koti safi, viatu vinang'aa, mpasuo umefungwa kwa msalaba wa uzi mweupe na kila akiinama koti linamvuta mgongoni. Kanisa limejaa ndugu zake na hakuna aliyemwambia. Nilimfuata nje nikamwomba pembeni, tukaukata kwa kiwembe, akanishukuru sana. Ukimwona baba yako mdogo hivyo mwambie, usimwache apigwe picha.

Muuzaji mmoja hapa Arusha ana suti imeandikwa Super 150, elfu tisini, mpya. Ni dili?

Sio dili. Hizo namba ni za sufu peke yake, zinaeleza unyoya ni mwembamba kiasi gani: Super 100 unyoya hauzidi maikroni 18.75 (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), Super 120 ni 17.75, Super 150 unashuka mpaka 16.25. Sufu nyembamba hivyo ni ghali kuanzia inapokatwa kwa kondoo, haiwezi kukufikia mpya kwa elfu tisini na bado kila mtu njiani kapata faida. Unachouziwa ni poliesta yenye maandishi. Muombe akuruhusu uchomoe uzi mmoja kwenye pindo la suruali kwa ndani, uwashie kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu unayoyasaga kwa kidole, poliesta inayeyuka inakuwa kapunje kagumu keusi. Akikataa umeshapata jibu. Na hata ingekuwa kweli nisingekushauri, sufu nyembamba sana inachoka haraka, kwa mtu wa daladala na vumbi la Mbauda Super 100 au 110 inakutosha kabisa.

Naoa Septemba, kamati inataka wasimamizi sita washone suti za zambarau zinazong'aa zenye kola nyeusi. Nitumie mbinu gani kupunguza gharama?

Punguza kwa kuikataa hiyo zambarau. Jamani kamati za harusi mnanisikitisha, mnawatoza vijana sita hela ya suti ambayo hakuna hata mmoja ataivaa tena baada ya siku ile, wengine wamekopa, na mwisho wa mwaka suti iko chini ya godoro. Chukua blu iliyokoza au kijivu, rangi ya harusi weka kwenye tai na kitambaa cha mfukoni. Hapo kijana amepata suti ya kazini na ya kumsindikizia mdogo wake akioa.

Kitambaa cha upana wa sentimita 150, mwanaume wa kawaida anataka mita tatu na nusu hivi, mnene mpe nne. Nunueni pamoja kwenye roli moja, maana roli mbili rangi haifanani hata mkiambiwa ni ile ile. Fundi mpeni miezi miwili na mkajaribu mara mbili kabla hajashona mwisho. Hela msimalizie kabla ya jaribio la pili, nasisitiza hapo, fundi aliyelipwa yote anashona ya mwenzako.

Niko Arusha ila kikao changu kila wiki kiko Moshi, nikifika nimelowa jasho. Nifanyeje?

Arusha iko kama mita 1,400 juu, Moshi haifiki hata 1,000, kwa hiyo hilo joto haulibuni. Tafuta koti lenye bitana nusu, mgongo wake uko wazi, sufu nyepesi. Poliesta ndo inayokupika. Na kwenye gari koti litundike, usilivae.

Baba yangu mzee ameniachia Kaunda suti mbili, jamaa wananicheka. Nizitoe sadaka?

Usithubutu. Vazi hilo limebeba jina la Kenneth Kaunda wa Zambia, na wazee wetu walilivaa maofisini na makanisani kwa sababu linaendana na jua letu, halitaki tai wala shati la ndani. Kenya Spika Wetang'ula alizipiga marufuku bungeni mwaka 2023, sawa, hiyo ni kanuni ya bunge lao, haikuzuii wewe kwenda nayo harusini Machame. Zile za zamani nyingi zimekatwa pana kiunoni kwa hiyo peleka kwa fundi apunguze pembeni, kidogo tu, na suruali ainyooshe isiwe modo. Vaa na kiatu cha ngozi kilichopigwa kiwi, sio raba. Vifungo mwambie asivibadilishe, na kimoja kikipotea angalia kwanza ndani ya pindo, mafundi wa enzi hizo walikuwa wanashonea cha akiba.