Kijana wangu yuko Utah, na posa imeshapokelewa Kasulu

*Habari dada. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Kijana wangu wa pili yuko Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, mwaka wa sita sasa. Huko akabatizwa akawa Mormoni, wale wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho; kwa dini hiyo hata chai ya rangi hanywi tena. Nimemposea binti wa Kasulu na barua imepokelewa. Nilipomwambia, akalia kwenye simu: "Mama, mimi sivutwi na wanawake. Ni wanaume, tangu nikiwa mdogo." Nikakata simu. Wiki ya tatu hii sipokei simu zake. Je, dini hiyo ndiyo imemharibu? Nimpeleke binti, labda atabadilika? Wajomba zake niwaambie?*

Shikamoo mama. Pole sana.

Binti wa Kasulu usimpeleke. Wiki hii hii nenda kwa wazazi wake, useme kijana hayuko tayari kuoa. Ni kweli tupu, na hakuna aliyeaibishwa. Barua zinazonichoma kuliko zote hapa ni za wanawake walioolewa namna hiyo. Mwaka wa pili, wa tatu, mume anageukia ukutani, mke anasimama mbele ya kioo akitafuta kasoro yake. Hana kasoro yoyote. Aliletwa awe dawa ya mtu, basi.

Hata kanisa la mwanao halitaki hivyo. Mwaka 1987 Gordon B. Hinckley, ambaye baadaye alikuwa rais wao, aliwaambia waumini kuwa ndoa isifanywe tiba ya jambo hili. Wao wanafundisha kwamba kuvutwa na mtu wa jinsia yako si dhambi, dhambi ni tendo. Kwa hiyo usiwatwike Wamormoni mzigo huu. Amekwambia mwenyewe ni tangu utotoni, alipokuwa bado anakusaidia kugeuza dagaa mchangani.

Sasa sikia kwa nini alilia. Kwa Wamormoni familia ndiyo kila kitu. Mume na mke huunganishwa hekaluni, na ndoa hiyo haikomi kifo kinapokuja; ni ya milele, na utukufu wa juu kabisa mbinguni ni wa walioungana hivyo. Mwanao anaamini haya kwa moyo wote. Akikaa peke yake maisha yake yote, kanisani ana nafasi na hekaluni ataingia. Akiishi na mwanamume mwenzake, anaweza kuondolewa ushirika. Novemba 2015 viongozi wao waliwatangaza wanaofunga ndoa za jinsia moja kuwa waasi wa imani, na watoto wao wakazuiwa kubatizwa. Aprili 2019 wakaiondoa kanuni hiyo, lakini fundisho la ndoa halikuguswa. Wapo wanaobaki, wapo wanaoondoka, na kila njia ina machozi yake. Sitamchagulia, na wewe mama usimchagulie. Mtu aliyebanwa hivyo akampigia mama yake, halafu simu ikakatwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko habari yenyewe.

Wajomba usiwaambie. Siri ni yake, amekupa wewe peke yako. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha kwa tendo hilo hapa kwetu, na watu wa mtaani hawangoji tendo, neno tu linawatosha. Siku akija kumzika bibi yake, maneno yatakuwa yameshamtangulia uwanja wa ndege. Meseji zake za jambo hili zifute, simu usimwachie mtu.

Najua umeumia. Uliwaota wajukuu, na hiyo ndoto unaruhusiwa kuililia. Ililie kwangu, niandikie tena hata mara kumi, ila usimlilie yeye kwa sasa.

Jumapili saa nne usiku, kwao ni mchana. Mpigie wewe. Kama maneno hayaji, muulize amekula nini, mwambie dagaa wa msimu huu wakoje. Akinyamaza, usikate.