Maswali ya Wasomaji: Mashine za biti 32 zina muda gani tena?

Debian 13, toleo jipya la mfumo wa Linux uitwao Debian, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025 bila kernel (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha prosesa za zamani za biti 32, na barua bado zinaingia, kuanzia Kondoa hadi Manyoni, zikiuliza jambo lilelile kwa namna mbalimbali. Tumezikusanya hapa.

Ndugu Mhariri, shule yetu ilipewa laptop 11 za msaada. Zote zina Debian 12 ya biti 32. Tunaambiwa sasa ni vyuma chakavu. Tuziuze kwa kilo? (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, usiuze hata moja kabla ya kufungua dirisha la amri na kuandika lscpu. Tazama mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukisomeka "32-bit, 64-bit", prosesa ni ya biti 64 na aliyesakinisha ndiye aliyeweka mfumo wa biti 32, pengine kwa kuionea huruma ramu. Usiamini uname -m kwa kazi hii: amri hiyo inasema habari za kernel iliyopakiwa, kwa hiyo itajibu i686 (yaani biti 32) hata prosesa ikiwa ya biti 64.

Kwa majina: Core 2 Duo zote ni biti 64. Core Duo, ile isiyo na "2", ni biti 32. Pentium M ni biti 32. Kwa vile vidogo vya Atom, N270 ni biti 32 na N450 ni biti 64, japo kwa nje huwezi kuvitofautisha. Kibandiko cha "Centrino Duo" hakisaidii, kilibandikwa kwenye Core Duo na Core 2 Duo vilevile.

Zikigeuka kuwa biti 64, sakinisha upya. Kubadilisha mfumo kutoka biti 32 kwenda 64 ukiwa unatembea kunawezekana, lakini kwa mashine 11 ni kujitafutia kazi ya wiki mbili. Hifadhi kwanza mafaili ya /home kwa tar kwenye flashi. Flashi ya FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na tar itakatikia njiani. Tumia yenye exFAT. Ruhusa za mafaili zitabaki salama ndani ya tar hata kama exFAT yenyewe haizijui.

Shusha picha ya netinst (faili dogo la kisakinishi) ya amd64, yaani biti 64, mara moja, hakiki SHA256 yake, kisha iandike kwenye flashi nyingine kwa cp au dd. Tumia lsblk kujua flashi ni ipi, na uandike kwenye kifaa kizima, mfano /dev/sdb. Wanaoandika kwenye /dev/sdb1 ndio wanaotuandikia kwamba "flashi haibuti".

Bando litaliwa na vifurushi, na hapa kuna ujanja. Sakinisha laptop ya kwanza, weka ndani yake apt-cacher-ng (programu ya kuhifadhi vifurushi vilivyoshushwa), uipe anwani isiyobadilika kwenye mtandao wa shule, tuseme 192.168.1.10. Kwenye zile 10 zilizobaki, kisakinishi kikiuliza kuhusu proksi, jaza http://192.168.1.10:3142. Kila kifurushi kitashuka kutoka intaneti mara moja tu, wengine watakichukua kwa mwenzao. Chagua kioo cha Debian (seva ya nakala zake) cha http, kwa sababu vya https havitahifadhiwa.

Kisakinishi kikifika kwenye mazingira ya kazi, ondoa alama kwenye GNOME, weka Xfce au LXQt. Mashine yenye gigabaiti 2 za ramu itafanya kazi kwa adabu, hasa ukisakinisha zram-tools (hubana data ndani ya ramu) na kuandika ALGO=zstd na PERCENT=50 kwenye /etc/default/zramswap. Yenye gigabaiti 1 itaandika barua na kusoma PDF, lakini ukifungua kurasa tatu za intaneti itaanza kuhema. Wi-Fi ya Broadcom ya zamani huenda isionekane wakati wa kusakinisha. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti kwa USB, na kisakinishi kitaiona simu kama kadi ya mtandao.

Nina kilaptop cha Atom Z3735F. lscpu inasema 64, lakini flashi ya biti 64 haionekani kabisa kwenye menyu ya kubuti. Nimebadilisha flashi tatu. (Fundi, Majengo)

Fundi, flashi zako hazina kosa. Prosesa hiyo ni ya biti 64, ila UEFI (programu ya kuwashia kompyuta) iliyowekwa na watengenezaji ni ya biti 32, na UEFI hiyo inatafuta faili linaloitwa bootia32.efi. Fungua flashi, ingia EFI, kisha boot. Ukikuta bootx64.efi peke yake, ndiyo sababu. Tumia picha yenye mafaili yote mawili. Ukishabuti, hakiki kwa cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size. Jibu litakuwa 32, na kipakiaji kinachotakiwa kusakinishwa ni grub-efi-ia32 juu ya mfumo wa amd64. Diski itaonekana kama mmcblk, si sda. Na ikianza kuganda ovyo baada ya hapo, ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kernel. Betri itaisha mapema kidogo, lakini mashine haitaganda.

Yangu ni N270 kweli, biti 32 tupu. Niambieni ukweli tu. (Msomaji, Mpwapwa)

Ukweli una tarehe mbili. Mozilla walitangaza kwamba Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na kwa ESR 140, Firefox ya msaada wa muda mrefu, wakaahidi masasisho angalau hadi Septemba 2026. Debian 12 yenyewe ina masasisho ya muda mrefu hadi tarehe 30 Juni 2028. Kwa maneno mengine kivinjari kitatangulia kaburini, mfumo utafuata. Chrome ilikwisha kuondoka kwenye Linux ya biti 32 tangu 2016, kwa hiyo usiitafute huko.

Jambo la haraka kuliko yote ni kufungua /etc/apt/sources.list leo. Ukikuta neno "stable", lifute uandike "bookworm", jina la Debian 12, na "stable-security" iwe "bookworm-security". Tangu Agosti 2025 "stable" ni Debian 13, na ukipiga full-upgrade utavutiwa vifurushi vyake juu ya mashine isiyopata kernel mpya. Waandishi wa Debian wamesema wazi kwamba mashine za i386 (biti 32) zisipandishwe kwenda 13. Tena vifurushi hivyo vinadai SSE2, amri za ziada za hesabu ndani ya prosesa. N270 inayo, lakini Pentium III na Athlon XP hazina, na huko programu hufa kwa ujumbe wa "Illegal instruction".

Shusha pia DVD ya kwanza ya Debian 12 ya i386 uiweke mahali salama. Matoleo yaliyokwisha muda huhamishiwa archive.debian.org, kwa hiyo vifurushi havipotei, ila masasisho ya usalama ndiyo hukoma.

Ukitaka kuendelea mtandaoni baada ya tarehe hizo, Alpine, Linux nyingine, bado inajenga toleo la x86 (biti 32), na NetBSD, mfumo mwingine huria, bado ina i386. FreeBSD 15 imeshaiacha. Sisi tungeishusha N270 daraja: barua, hesabu za duka, kuchapa, kusoma. Mahali ambapo kuna kompyuta moja ya biti 64, weka kwayo kiwix-tools na faili la ZIM (nakala ya kusoma bila intaneti) la Wikipedia ya Kiswahili, kisha kiwix-serve --port=8080 pamoja na jina la faili. Mashine za biti 32 zitasoma kupitia kivinjari kwenye mtandao wa ndani, bila kugusa intaneti. Benki na pesa za simu usifungulie hapo, hata leo.

Sisi ni kikundi cha wapenzi wa kompyuta za zamani hapa Dodoma. Kwa nini wametutupa? Na tunaweza kufanya nini? (Wana-biti 32, Nkuhungu)

Ndugu zetu, hakuna aliyekaa kikao cha kuwachukia. Mchakato mmoja kwenye biti 32 hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za anwani za kumbukumbu, na kuunganisha kivinjari cha kisasa wakati wa kukijenga kunataka zaidi ya hapo. Hesabu za desimali za kitengo cha zamani cha x87 hutoa majibu yanayotofautiana kidogo na ya SSE2, na majaribio ya programu yanaanguka bila kosa la mwandishi. Mwaka 2018, kinga ya Meltdown, udhaifu wa usalama wa prosesa, ilifika kwanza kwenye kernel ya biti 64, toleo 4.15, biti 32 walisubiri hadi 4.19. Kila kasoro ya namna hii inahitaji mtu wa kuishughulikia, na watu hao wamepungua. Ndiyo maana Ubuntu waliacha, Linux Mint wakaacha tangu toleo la 20, na LMDE 6, Mint iliyojengwa juu ya Debian, ikawa ya mwisho kwao.

Kwa hiyo kusaini malalamiko hakuleti kitu. Kinachosaidia ni majaribio kwenye mashine halisi, maana watunzaji wengi hujaribu kwenye mashine pepe na hawaoni kadi ya sauti iliyokataa au laptop isiyoamka ukifungua kifuniko. Toleo la majaribio la Alpine au NetBSD likitoka, lisakinisheni kwenye diski ya ziada, na kasoro mkiiona iripotini pamoja na matokeo ya dmesg (ujumbe wa kernel) na jina kamili la mashine. Ripoti ya "haifanyi kazi" itafungwa siku hiyohiyo.

Mkiwa na ThinkPad T60, kuna njia ya kutoka kabisa: prosesa yake imechomekwa kwenye soketi. Iliyokuja na Core Duo hupokea Core 2 Duo T7200, baada ya kusasisha BIOS kwanza. Ramu haitazidi gigabaiti 3 hata mkiweka 4, kwa sababu ya chipseti. X60 haina bahati hiyo, prosesa yake imechomelewa kwenye bodi.

Laptop yangu inazima ghafla baada ya dakika 20, hasa mchana wa Oktoba. Je, ni Linux mpya inailemea? (Msomaji, Kizota)

Ni vumbi. Ukifungua chini, usiishie kupuliza feni kwa juu. Toa feni nzima, angalia nyuma yake, pale pezi za shaba zinapokutana na tundu la kutolea hewa. Hapo utakuta pazia la kijivu-chekundu, nene kama kitambaa, ambalo kutoka nje halionekani. Livue kwa kibanio kipande kizima. Ukilipuliza linavunjika na kuingia ndani zaidi. Unapopuliza, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Futa pesti ya zamani iliyokauka kwa spiriti ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa, na ufunge skrubu kwa zamu za mkingamo. Kama chipseti ilikuwa na pedi laini, rudisha pedi ya unene uleule, kwa kuwa pesti haitaziba pengo hilo.

Kila tovuti inaniambia muunganisho si salama, na apt inasema "Release file is not valid yet". Ndiyo wametufungia? (Msomaji, Bahi)

Hapana, tazama tarehe ya kompyuta. Betri ya saa, ile CR2032, imekwisha, na saa imerudi miaka mingi nyuma; vyeti vya tovuti vinaonekana kama havijazaliwa. Betri nzima ina volti 3 au zaidi kidogo. Ibadilishe, weka saa kwenye BIOS, mambo yatarudi.

Tarehe 19 Januari 2038 itakuwaje? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Saa za biti 32 zinahesabu sekunde tangu 1970, na nafasi inajaa siku hiyo saa 12:14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, programu zitaona Desemba 1901. Debian walipohamisha armhf (prosesa za ARM za biti 32) kwenda saa ya biti 64 kwenye toleo la 13, i386 waliiacha makusudi, kwa sababu imebaki kwa ajili ya kuendesha programu za zamani zilizokwisha kujengwa. Hata ukipata mfumo uliorekebishwa, kagua diski: tune2fs -l /dev/sda1 na utafute "Inode size". Ikiwa 128, ext4 yako nayo itakwama 2038. Ikiwa 256, haina shida.

Kuna laptop za mtumba bei ya kutupa. Ninunue? (Msomaji, Ipagala)

Ikiwa na Windows, fungua Mipangilio, Mfumo, Kuhusu. Maneno "32-bit operating system, x64-based processor" ni habari njema, nunua uisakinishe upya. Ukikuta "x86-based processor", mwachie muuzaji, labda unahitaji kioo au kibodi ya kufanyia spea.