Kidoli cha kwenye belo: bei yake halisi utaijuaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nauza midoli ya mtumba pale Memorial, Moshi. Juzi nilifungua belo, na chini kabisa nikakuta kidoli cha plastiki kifupi kuliko kidole changu cha kati. Kina uso mweusi na macho ya njano, na kimevaa joho la plastiki la kahawia. Nyuma ya mguu pameandikwa 1977 na Hong Kong. Mpwa wangu alitafuta mtandaoni akaona muuzaji mmoja anataka dola 4,000 kwa kidoli kama hicho. Wakati huohuo kuna bwana wa Arusha anayenipa shilingi 30,000 taslimu. Bei ya kweli naijuaje? Na je, nisubiri ipande? (Muuza midoli, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo bwana usimpe kwanza, na hizo dola 4,000 nazo usianze kuzipangia matumizi. Bei aliyoiona mpwa wako ni ile anayoiomba muuzaji. Wewe mwenyewe pale mezani unamtajia mteja elfu kumi na tano, anaondoka na mdoli kwa elfu nane, na ukiulizwa mdoli ule unakwenda bei gani, jibu la haki ni elfu nane. Mtandaoni ni vivyo hivyo, ila kule mtu anaweza kuacha tangazo lenye bei ya kutisha mwaka mzima bila mnunuzi, na ndilo mpwa wako atakalokutana nalo kwanza.

Kwa maelezo yako, ulichookota ni Jawa, mmoja wa vidoli 12 vya kwanza vya filamu ya Star Wars ya 1977. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Marekani, ndiyo iliyovitoa mwaka 1978, na mwaka huo peke yake iliuza takriban vidoli milioni 40 vya filamu hiyo. Kwa hiyo uzee wake peke yake si mali. Kilichonifanya niisome barua yako mara mbili ni joho. Majawa wa mwanzo kabisa walivalishwa joho la plastiki, kisha Kenner wakaona kidoli kifupi namna ile na kijoho chake kinaonekana hafifu kikipangwa kwa bei moja na wenzake warefu. Wakabadili, wakakipa joho la kitambaa lenye kofia. Wa kitambaa wamejaa tele hadi leo. Wa plastiki ni haba, na bei zao zimeachana mbali sana.

Penye pengo kama hilo waghushi hawakosekani. Kuna watu wanaochukua joho la plastiki la kidoli kingine cha seti hiyohiyo, Obi-Wan Kenobi, wanalipunguza kwa mkasi na kumvisha Jawa. Wengine wanatengeneza majoho mapya kabisa. Toka nacho nje penye mwanga, tazama ukingo wa chini na matundu ya mikono. Ukingo ukiwa unapanda na kushuka kama uliopitiwa na mkasi, hapo pana shaka. Maandishi ya mguuni yasikupe moyo, maana Jawa wa kitambaa naye anayo.

Sasa bei. Ingia eBay, soko la mnada la mtandaoni, tafuta kidoli chako, kisha chagua uonyeshwe vilivyokwisha kuuzwa tu. Utapata mauzo ya siku 90 hivi zilizopita. Ya nyuma zaidi yanapotea machoni pako, ndiyo maana nasisitiza uyaandike kwenye daftari. Mimi natumia lile la mistari la wanafunzi: tarehe, aina ya joho, hali ya kidoli, kama kibunduki chake kipo, bei, na nauli ya kutuma. Nauli iandike kila mara, kwa sababu wapo wanaouza kwa bei ya chini na kurudisha fedha yao kwenye usafirishaji. Picha ya skrini nayo ihifadhi. Ukiona bei imekatwa kwa mstari, ujue muuzaji alikubali kupunguza; hiyo si bei iliyolipwa. Kidoli kikirudi mnadani baada ya wiki mbili kikiwa na picha zilezile, huenda mnunuzi wa kwanza hakulipa, basi futa mstari wake.

Mnada mmoja usikudanganye, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Tuseme mtu mmoja yuko tayari kufika dola 300 na anayemfuata anaishia 90. Kidoli kitauzwa dola 91. Kwa maana hiyo bei ya mnada inakuonyesha mpanda dau wa pili alipokomea. Yule wa kwanza angeweza kulipa mara tatu yake na wewe usijue. Wakikutana wawili wenye kiu siku moja, bei inaruka; wiki inayofuata mmoja hayupo, inaanguka. Subiri uwe na mauzo kadhaa ya kidoli cha hali kama ya chako, kisha tazama yale ya katikati.

Ukitaka kushuhudia mnada ukifungwa, minada mingi ya Marekani huisha Jumapili jioni. Saa kumi na mbili jioni ya pwani yao ya magharibi, kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na kuanzia Novemba hadi Machi ni saa kumi na moja. Dakika ya mwisho ndiyo yenye mambo. Bei iliyolala siku sita inaamka hapo.

Habari za mamilioni ziweke kando. Mwaka 2024 kampuni ya minada ya Heritage iliuza kidoli cha majaribio cha Boba Fett, mhusika mwingine wa Star Wars, chenye roketi ya kufyatuka kwa dola 525,000, lakini kile hakikuwahi kufika dukani. Kwenye nyumba za minada za namna hiyo bei inayotangazwa huwa na ada ya mnunuzi ndani yake, kwa kawaida karibu asilimia 20. Vilevile kidoli kilichopimwa daraja la ubora na kufungiwa kwenye kiboksi kigumu cha plastiki angavu usikilinganishe na cha kwako kilichotoka kwenye belo.

Andika kila kitu kwa dola. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700 kisha ikashuka kabla mwaka kuisha, na daftari la shilingi lingekuonyesha kidoli kikipanda na kushuka kumbe ni sarafu tu.

Kuhusu kusubiri: Mei 2027 filamu inatimiza miaka 50, na watu wengi watakuwa na hamu. Ila wenye vidoli kabatini nao watavitoa mwezi huohuo. Mimi ningeuza mapema kidogo, kabla soko halijajaa. Kwa sasa kitoe mezani, jua lisikiharibu rangi, na joho usilivue kila anapokuja mtu kutazama. Plastiki ya umri huo hupasuka begani. Bwana wa Arusha akirudi, muulize anakitakia nini, kisha umwonyeshe daftari.